Wimbo wa Sekela

Siku hizo, bendi iliyopiga wimbo redioni iliuacha hukohuko. Mtambo uliunasa, kisha ukaufuta vichwani mwa wenyewe, na kituo ndicho kilichobaki nao. Bendi iliyokataa haikusikika popote.

Tumpe na mumewe Lugano, mpiga gitaa, walikwenda studio za Mbeya na wimbo wa mwisho waliobaki nao, ule waliomtungia binti yao Sekela.

"Unahusu nini?" mtangazaji aliwauliza kabla hawajaanza.

"Mtoto wetu," Tumpe alijibu. "Alizaliwa njiti. Tulimwimbia miezi miwili hospitalini, hatukuwa na kingine cha kumpa."

Waliimba vizuri kuliko siku zote.

Jioni Sekela, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alijilaza akaomba wimbo wake. Tumpe alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Nifundishe wewe, mwanangu."

Mtoto akaimba mstari wa kwanza, Tumpe akaufuatisha. Walipofika wa pili, wa kwanza ulikuwa umeshampotea. Wakarudia mara nne, Lugano amesimama mlangoni, naye haambulii hata neno.

"Mama, wewe hutaki tu," Sekela alisema, akageukia ukutani.