Mwenye Ubeti

Mbaruku, mpiga picha, alizamisha karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha. Nyuma yake, chini ya taa nyekundu, alisimama Shaali, mpiga fidla wa kikundi cha taarabu.

“Wimbo ulipofika ubeti wa penzi la siri, mke wangu aliinuka kumtunza mwimbaji,” Shaali alisema. “Na anayeinuka, ubeti ni wake, unasema ya moyoni mwake. Nataka kuona alikuwa akimtazama nani.”

“Huenda picha haikushika, bwana.”

“Tutaona.”

Mbaruku aliyakumbuka macho ya mwanamke huyo, yalivyoikazia kamera yake bila kupepesa. Kwenye trei likajichora buibui, kisha mkono ulioinua noti. Alitaka kuichomoa karatasi, lakini Shaali akamshika mkono, kwa upole kabisa.

Katika uso uliokuwa bado mweupe, wanja wa macho ulitangulia kutokea.