Khanga Juu ya Taa

Siku hizi kila mlango una taa ya serikali inayowaka mwanamke wa nyumba akishika mimba, na kuifunika ni kosa. Ya Mwashamba iliwaka wiki tisa, ikazimika, na mtaa mzima ukaja kumpa pole. Baadaye madaktari wakamtoa uvimbe saba kwenye kizazi.

Leo alfajiri, akifagia barazani, aliiona inawaka tena. Ufagio ulimponyoka. Akaitundikia khanga, kama bibi zetu walivyoficha matumbo machanga.

"Watatukamata," mumewe, Shekue, alinong'ona.

"Wacha mimba ikae kwanza."

Jirani wa ng'ambo, Bibi Zaina wa miaka themanini, alikuwa akiwatazama. Akaingia ndani, akatoka na khanga, akaifunika taa yake ambayo haikuwahi kuwaka.

Gari la wakaguzi lilipofika, kila taa ya mtaa ilikuwa imevaa khanga.