Mizani ya Wanagenzi

Zamani wanyama walipokuwa na ligi ya wanagenzi wa kupanda pundamilia, Tumbili na Kinyonga waliingia mbio za mwisho wakiwa sare. Bingwa angehitimu, mwenzake angezoa mavi mwaka mwingine. Kila mpandaji alipaswa kutimiza uzito uliowekwa, kabla ya mbio na baada. Tumbili, mwepesi wa mwili na wa mdomo, alijazia upungufu kwa karanga mashavuni, mizani ikakubali. Kinyonga aliona kwa jicho la nyuma, akanyamaza.

Tumbili akashinda, Kinyonga wa pili. Wakirudi mizanini, Kinyonga akamwuliza kwa adabu, "Bingwa, ile kona uliikataje?"

"Kona ile, ndugu yangu?" Tumbili akaanza, asikome, karanga zikimdondoka njia nzima.

"Umepungua," Kobe wa mizani akasema.

Kinyonga akahitimu. Kuku waliowafuata nyuma wanaapa hawajawahi kuona fainali tamu kama ile.