Weupe wa Yangeyange

Yangeyange alisifiwa kwa weupe wake na kuchekwa kwa maringo, maana alioga mara tano kwa siku.

Siku moja Kuku alimwendea Diwani Kiboko, akalalamika kwamba vifaranga wanakohoa kwa moshi wa magari yanayopita kando ya shule yao.

"Mafua hayo, mama," Kiboko akajibu kutoka bwawani. "Huo moshi mbona siuoni?"

Yangeyange, aliyekuwa akioga hapo, alisikia. Akaenda kusimama nje ya shule, penye foleni ya magari, siku tatu bila kuoga. Kisha akarudi bwawani.

"We Kunguru, unataka nini?" Kiboko akafoka.

"Ni mimi Yangeyange, Mheshimiwa. Natoka shuleni kwa vifaranga."

Shule ilihamishwa wiki hiyohiyo. Siku hizi Yangeyange akioga hachekwi, na vifaranga ndio wanaomchotea maji.