Injini ya Kushoto

Kidole cha Hebden, fundi wa ndege, kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima injini ya mwishoni mwa bawa la kushoto. Moto wake ulikuwa unatambaa juu ya bawa la ndege ya mabomu, kuelekea kwenye tangi la petroli.

Injini hiyo ndiyo iliyozungusha kibanda cha bunduki cha mkiani. Ikizimwa, kibanda kingezungushwa kwa mkono, polepole, na ndege ya Wajerumani ilikuwa inawafuata kwa nyuma.

“Usiiguse, bwana spana,” mpiga bunduki wa mkiani akasema kwenye simu ya ndani. “Najua unaisubiri siku hii tangu nilipokung’oa jino kwa ngumi pale baa.”

Ilikuwa kweli. Ulimi wa Hebden ulikuwa kwenye pengo.

“Zima,” rubani akaamuru.

“Hebden angoje nimdungue huyu Mjerumani kwanza,” mpiga bunduki akadakia. “ Anakuja.”

Hebden akatazama nje. Rangi ya bawa ilikuwa inatoka malengelenge. Ndani walikuwa watu saba.

“Hebden,” sauti ya mkiani ikasema, taratibu sasa. “Nakuomba, ndugu yangu.”

Hebden alitamani mpiga bunduki aendelee kumtukana. Akabonyeza.