Dume wa Mti Ule

Kwa siku arobaini na tatu mfululizo, hondohondo dume alifika kwenye kiota saa moja asubuhi, saa nne, saa saba na saa kumi. Hakukosa hata ile siku ya upepo ulioezua paa la ofisi ya misitu. Ndivyo zilivyosema ripoti za mlinzi, na ndicho kilichomfanya mkaguzi avae viatu vya porini wiki moja kabla ya kustaafu.

Katika miaka thelathini na moja ya kazi, hakuwahi kukutana na ndege mwenye saa.

Alikuwa amechoka, na miguu ilikuwa imemvimba. Alipoanza kazi akiwa msichana, msitu huu ulikuwa na aina sita za hondohondo: wakubwa wenye pembe juu ya mdomo, wadogo wenye midomo myekundu, na wale ambao mabawa yao yalivuma kama mashine kabla hujawaona. Aina moja baada ya nyingine, yeye ndiye aliyeandika kwamba hawapo tena. Sasa kilibaki kiota kimoja. Jike alikuwa amejifungia ndani ya shimo la mti, akaziba mlango kwa udongo, akaacha ufa mwembamba wa kupokelea matunda. Ndivyo walivyo hondohondo. Jike hatoki mpaka kinda akue, na dume ndiye anayewalisha. Asipokuja, walio ndani wanakufa njaa.

Barabara mpya ilipangwa kupita hapo hapo. Sheria iliwaachia ndege muda mpaka kinda atoke, mradi kiota kiwe hai na kisiguswe na mkono wa mtu. Vinginevyo mti ungeangushwa kesho yake.

Msimamizi wa barabara alimpokea kambini kwa kiti cha plastiki na chai ya vuguvugu.

"Mama, tupe karatasi tu tuendelee. Mashine zimelala, vijana wanacheza karata mpaka zimefutika picha."

"Mmemwona dume?"

Msimamizi akajikuna shingo. "Nikwambie ukweli? Vijana walimpiga mmoja, mwezi na nusu uliopita. Mkubwa, mwenye pembe. Nyama yake ngumu kama tairi. Hatukujua, mama. Tangu siku hiyo hatujasikia bawa."

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Mwezi na nusu. Kumbe yule mzee mlinzi alikuwa anajiandikia tu.

Alimkuta mlinzi chini ya mti, amekaa kwenye gogo. Wenzake walimwita Babu Darubini, maana hata msikitini alikwenda nayo shingoni. Alikuwa amekonda. Suruali ilimchanika magotini, na kiganja kimoja kilifungwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka."

"Nimechoka. Dume yuko wapi?"

"Alikuja saa saba. Mmepishana kidogo tu."

"Basi nitamsubiri saa kumi."

Mzee akakaza fundo la kitambaa kiganjani. "Huyu hapendi wageni."

Wakakaa. Saa kumi ikafika, ikapita. Mzee hakutulia; alisimama, akakaa, akatazama saa, akatazama juu. Shimoni hakukuwa na sauti yoyote.

"Bibi hajambo nyumbani?" mkaguzi aliuliza.

"Hajambo. Anasema nimeoa mti."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha mkaguzi akasema kwa upole, "Mzee wangu, dume alikufa. Wewe unajua."

Babu Darubini aliinamia kiganja chake kilichofungwa. "Nipe wiki mbili, mwanangu."

"Za nini? Za kuniandikia ripoti nyingine?"

"Wiki mbili tu. Baada ya hapo mkate mti, mkitaka mnikate na mimi."

Mkaguzi hakumkasirikia. Alishawaona wengi wa namna hii, watu waliozoea kulinda kitu mpaka hawaoni kwamba hakipo. Alitoa barua kwenye mkoba, akaiweka gotini, akaandika kwamba kiota kimekufa. Hakutaja ripoti za uongo. Mzee naye alikuwa anakaribia kupumzika. Kumharibia jina kungemfaidia nani?

"Sitakuingiza matatani," alisema, akitia saini.

Alitegemea mzee abishe, au alie. Lakini mzee alikuwa analitazama jua. "Haya mwanangu, wahi. Njia ni mbaya. Nenda, nenda salama." Hata kuagana aliagana mbio mbio, kama mtu anayefukuza kuku.

Hilo lilimuuma mkaguzi kuliko alivyotarajia. Alikwenda hatua mia mbili hivi, miguu ikagoma. Akakaa kwenye mzizi, akavua viatu, akaanza kujipepea kwa ile barua. Kupitia pengo la matawi aliuona mti ule vizuri, na shimo lake lililozibwa, juu kama ghorofa ya pili.

Kitu kilikuwa kinapanda.

Kilipanda polepole kwa kamba, kikisimama kila baada ya kitambo ili kupumua, mfuko ukining'inia shingoni pamoja na darubini. Babu Darubini alipofika juu alikumbatia gome kwa mkono mmoja, akatoa tini la mwitu, akalisogeza kwenye ufa. Mdomo mrefu ukachomoza, ukalipokea. Kisha chini yake ukachomoza mdomo mwingine, mdogo, laini, uliofunguka wazi.

Mkono wa mkaguzi ulikuwa umeacha kupepea. Ndani ya ngumi yake barua ilikuwa imekunjamana yote.

"Nisamehe, mama watoto," mzee alisema huku akihema. "Leo nimechelewa. Tulikuwa na mgeni."