Jibini Chini ya Kamba

Gunnvor aliteremka bandarini na jibini chini ya koti, kama mwizi wa dukani.

Mashua ya mumewe ilikuwa bado nchi kavu, imefunikwa turubai la majira ya baridi. Alipanda ngazi, akainua pembe ya turubai, akaingia kwa magoti hadi kwenye kabati la kamba, mbele kabisa. Kipande kile alikuwa amekifunga kwa gazeti. Akakisukuma mpaka chini ya kamba zote, kisha akatoka akihema.

Lilikuwa jibini la mbuzi, lile la kahawia. Nyumbani walilila kila asubuhi. Lakini kwa ukoo wa Eilert, mumewe, kuliingiza chomboni ni mwiko, sawa na kupiga mluzi. Baba yake aliwahi kugeuza mashua mdomoni mwa ghuba kwa sababu baharia mmoja alikuwa amelipaka kwenye mkate wake.

Safari aliyotaka kuizuia ilitangazwa Krismasi, mezani, mbele ya watoto na jirani yao Oddleif.

"Kiangazi kijacho," Eilert alisema, glasi mkononi, "mimi na Gunnvor tutatweka tanga mpaka Vardø, mwisho wa nchi. Sisi wawili tu."

Watu walipiga makofi. Gunnvor naye alipiga. Angefanyaje, amwaibishe mumewe mbele za watu? Lakini vuli iliyopita alimkuta ghalani amekaa chini, rangi imemtoka, mkono kifuani, akidai ameteleza tu. Na ukishapita rasi ya Nordkapp, kuna pwani ambazo hata ukipiga kelele watakaokusikia ni ndege peke yao.

Tangu hapo, kila jioni ramani ilitandazwa juu ya meza ya jikoni. Gunnvor, asije akaonekana anamwona mumewe mzee, alijitia hamu. Alifuma soksi nene. Alinunua koti jipya la mvua, la njano, akalitundika mlangoni.

"Hapa tutatia nanga," Eilert alisema, akiifuata pwani kwa penseli. "Au tupumzike kwanza huku nyuma? Tukae kidogo? Sema wewe."

"Popote, nahodha wangu. Mimi nataka kufika tu."

Eilert alimtazama. Akalitazama lile koti. Kisha akaanza kuichonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari.

Siku ya kuishusha mashua majini ilikuja na jua. Oddleif alifika kusaidia, kofia kichogoni, maneno mengi kama kawaida yake. Eilert aliingia ndani ya mashua peke yake. Gunnvor alingoja chini.

"Jamani! Njooni mwone!"

Eilert alitokea juu, mkono ameunyoosha mbele kana kwamba ameshika panya mfu. Kilikuwa kipande cha jibini la kahawia.

Oddleif alicheka mpaka akaishikilia ngazi. "Si ukate tule, bwana! Kahawa iko wapi?"

"Wewe cheka. Mashua imelala na jibini. Yalipompata baba haya, aliiacha nchi kavu msimu mzima."

Gunnvor alikumbuka vizuri kwamba mkwewe alirudi baharini kesho yake.

"Sasa nani kaliweka?" Oddleif aliuliza. "Maana najua mtanisingizia mimi."

"Hatutafuti mchawi hapa," Eilert alisema haraka. "Yameshatokea, basi."

Alishuka taratibu, akamshika mkewe mabega. "Pole, mke wangu. Najua ulivyoingoja safari hii. Na koti lako lile."

"Usijali. Nitalivaa nikienda dukani." Alisema kwa sauti ya huzuni aliyokuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo. Alimpapasa mumewe shavu, akajiona mwongo, akampapasa tena.

Wanaume walianza kulirudisha turubai. Gunnvor alipanda kuchukua mablanketi, yasije yakaoza humo. Akiwa ndani, alisikia mluzi. Alidhani ni Oddleif, lakini Oddleif alikuwa bado anapiga domo kuhusu kahawa. Aliyepiga mluzi ni Eilert, mtu ambaye katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kupiga mluzi hata karibu na mashua.

Gunnvor alipiga magoti mbele ya kabati la kamba, apange alivyovuruga mumewe. Kamba hazikuwa zimevurugwa. Zilikaa vile vile alivyoziacha.

Akapenyeza mkono. Chini kabisa, vidole vyake viligusa gazeti. Jibini lake lilikuwa bado pale.